Kalamu, kidole na kuinamisha: mambo ya mikono kwenye konsoli za mkononi

Kuna sehemu moja kwenye The Legend of Zelda: Phantom Hourglass, gemu ya Nintendo DS ya mwaka 2007, ilinikwamisha siku nzima na mpaka leo nikiikumbuka mwili unasisimka. Uko ndani ya hekalu, kioo cha juu kinakuonyesha alama takatifu, kioo cha chini kimefunguka ramani yako ya bahari, alafu maandishi yanakwambia uibonyeze ile alama kwenye ramani ili ihamie. Basi, hakuna maelezo mengine. Nikaigusa ramani kwa kalamu, haikukubali. Nikaichora ile alama kwa mkono, nikairudia nikaichora vizuri zaidi, wapi. Nikapuliza kwenye maiki maana gemu hiyohiyo ina moto wa kuzima kwa kupuliza, hamna kitu. Usiku nikachoka nikafunga konsoli nikalale, kesho yake nafungua nakuta alama imeshakaa kwenye ramani. Kumbe kufunga kwenyewe ndo lilikuwa jibu! Kioo cha juu kinashuka kinalalia cha chini, kama mtu anavyogonga muhuri kwenye karatasi.

Nilikaa kitandani nimeishika ile konsoli naifungua naifunga tu. Kifuniko ambacho mi nilijua kazi yake ni kulinda vioo, mtu fulani alikaa akafikiria kwamba hata hicho ni mkono wa mchezaji unafanya kazi. Tangu hapo kila konsoli ya mkononi nikiishika swali langu la kwanza ni inanitaka nifanye nini na hii mikono, mambo ya picha kali na memori kubwa yanakuja baadaye.

Gemu yenyewe karibu yote ilikuwa kalamu. Unagusa pale unapotaka Link, shujaa wa gemu, aende anaenda, unapitisha kalamu juu ya adui upanga unapita, bumerangi unaichorea njia kwenye kioo na yenyewe inafuata njia uliyochora hata kama inazunguka nguzo mara mbili. Na ramani unaruhusiwa kuiandika. Unakutana na jiwe limeandikwa mpangilio wa kitu fulani, unafungua ramani unaandika kwa mwandiko wako, ukifika mbele unasoma mwandiko wako mwenyewe. Mdogo wangu enzi hizo alikuwa na miaka saba na kila nikimwachia konsoli nakuta amechora samaki kwenye bahari, nikamwambia usichore hapo mimi naandika njia, akaniangalia akasema, "Dada, sasa bahari gani haina samaki?" Nikaacha.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho naona watu wanakiruka wakianza kubishana kuhusu tachi na kuinamisha. Ukicheza kwenye TV, kioo kiko kule na pedi iko huku, unaweza kurusha mkono unavyotaka na picha haiendi popote. Konsoli ya mkononi kioo na pedi ni kitu kimoja. Ukiinamisha pedi umeinamisha na picha, ukigusa kioo kidole kimeziba kile unachokigusa. Yaani kila ukiupa mkono kazi zaidi, jicho linanyang'anywa kidogo. Mi naona karibu kila kitu kizuri na kila kitu kibovu kilichowahi kujaribiwa kwenye hizi konsoli kinatokana na hapo, na waliofanya vizuri ni wale walioliona hilo tatizo mapema wakalitafutia njia.

DS ilipotoka mwishoni mwa 2004 njia yake ilikuwa vioo viwili na kalamu. Haikuwa ya kwanza kuwa na tachi, kuna konsoli ya Tiger inaitwa Game.com ya 1997 ilikuwa na kioo cha kugusa na kalamu yake, ila picha nyeusi na nyeupe tena nzito na haikwenda mbali. Kwenye DS kioo cha juu hakiguswi kabisa, kwahiyo kile unachotaka kukitazama kinaweza kukaa juu kwa amani, na mkono unahangaika chini. Alafu kalamu ncha yake nyembamba haizibi picha kama kidole. Kioo kile kilikuwa na nukta 256 kwa 192 tu, ukiweka kidole gumba hapo umeshafunika sehemu kubwa ya mchezo, lakini kwa kalamu unagusa pale pale unapotaka.

Na aina ya kioo ilisaidia sana. Kile ni kioo cha kubonyea, kina matabaka mawili yanayopitisha umeme na katikati kuna nafasi ndogo mno, la juu ni laini, ukibonyeza linazama linagusana na la chini na konsoli inapima volteji ya pale yalipogusana inajua uko wapi kwa mlalo na kwa wima. Kwahiyo hakijali umebonyeza na nini, kalamu sawa, kucha sawa, kidole chenye glavu sawa. Ubaya wake kinajua sehemu moja tu kwa wakati, ukigusa sehemu mbili kinachanganyikiwa na kuona kama umegusa mahali fulani katikati. Na kwa vile tabaka la juu ni plastiki linachoka, yale maeneo unayogonga kila siku yanaanza kuwa na mikwaruzo, na baada ya muda unakuta unagusa hapa konsoli inaona pale, ndo unaenda kwenye setingi kukikalibreti upya, unagusa vialama vinavyotokea kimoja kimoja na kinarudi kwenye mstari.

Vioo vya siku hizi, vya PS Vita ya Sony na Switch ya Nintendo na vya simu zote, ni vya aina nyingine, vinahisi umeme mdogo unaovutwa na mwili wako ukikaribia. Hivyo havihitaji kubonyezwa, unapitisha kidole tu, na vinajua vidole vingi kwa pamoja, Switch inasoma mpaka kumi. Vinateleza vizuri, picha inang'aa zaidi kwa sababu juu hakuna lile tabaka la kubonyea. Lakini kalamu ya kawaida haifanyi kitu pale, kucha haifanyi kitu, mkono ukiwa na maji kinaruka ruka, na ule usahihi wa ncha ya kalamu umepotea. Nimecheza gemu za kuchora kwenye aina zote mbili na nakwambia kabisa mstari niliokuwa nauchora kwenye kioo cha plastiki cha DS siwezi kuuchora kwa kidole kwenye kioo cha Switch hata nifanye mazoezi mwaka mzima. Kirby: Canvas Curse ya 2005 ni mfano wangu wa siku zote, Kirby ni mpira unabingirika na wewe kazi yako ni kumchorea njia ya rangi apite juu yake, wino una kipimo ukiumaliza anadondoka, na mstari ukikosea kidogo mbele panakuwa ukuta au shimo. Batani za mshale hazina kazi kabisa na hutazikumbuka.

Kitu kingine cha kalamu, iliwaingiza watu ambao batani ziliwatisha. Mama yangu hajawahi kukubali kushika pedi maishani mwake, anasema zile batani ni nyingi kama za rubani. Nikampa Brain Age, ile ya hesabu na kusoma haraka, konsoli unaishika wima kama kitabu, upande mmoja swali upande mwingine unaandika jibu kwa mkono. Nikamwambia mama, shika tu kama kitabu cha nyimbo. Akaandika saba, ikasoma saba. Akaandika nne yake ile ya zamani iliyo wazi juu, ikasoma nne. Aliinua uso akaniangalia kama vile kuna mtu humo ndani amemsalimia. Baada ya hapo kila jioni konsoli haikuwa yangu tena, na mwandiko wake ukawa unasomwa haraka kuliko wangu.

Penye shida ya kalamu ni pale gemu inapotaka mikono mitatu. Gemu za kupiga risasi za DS na za 3DS iliyokuja baada yake nyingi zilikuwa hivi, mkono wa kushoto unabeba konsoli yote, unasukuma kutembea, na unabonyeza batani ya bega kupiga, alafu wa kulia unashika kalamu kulenga. Kulenga kwenyewe kwa kalamu ni kuzuri mno, ni kama mausi ya kompyuta, lakini uzito wote uko kwenye mkono mmoja na baada ya nusu saa kifundo kinauma mpaka kwenye kiwiko. Hata watengenezaji walilijua, Kid Icarus: Uprising ya 3DS ya mwaka 2012 ilikuwa inakuja na kistendi ndani ya boksi, unaweka konsoli mezani ili mkono wa kushoto upumzike. Mi nakiheshimu kile kistendi, walikiri wazi kwamba mtindo wao unachosha na wakatoa dawa. Alafu kulikuwa na kile kiambatisho cha Circle Pad Pro kinachoongeza stiki ya pili upande wa kulia, gemu hiyo ikakitumia kuwapa nafasi wanaotumia mkono wa kushoto, watembee kwa kulia na kalamu waishike kushoto. Mdogo wangu, yule wa samaki, ni wa mkono wa kushoto. Gemu nyingi za kalamu alikuwa anacheza amekunja mikono kama amejifunga, na hakuwahi kulalamika maana alidhani ndo zinavyochezwa kwa kila mtu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Haya, tuje kwenye kuinamisha.

Watu wengi wanadhani kuinamisha kulianza na konsoli zenye sensa ndani, lakini mwanzo sensa ilikuwa inawekwa kwenye katriji. Kirby Tilt 'n' Tumble ya Game Boy Color, ilitoka Japani mwaka 2000, katriji yake ina akselerometa, sensa ya kuhisi kuinama, unainamisha Game Boy nzima na Kirby anabingirika, ukiirusha juu kidogo kwa ghafla anaruka. Wazo tamu kabisa. Ila Game Boy Color kioo chake hakina taa, unategemea mwanga wa nje udunde kwenye kioo ndo uone, sasa fikiria unainamisha kitu ambacho ukikiinamisha mwanga unahama. Unatafuta pembe ya kumbingirisha Kirby na pembe ya kumwona Kirby, na mara nyingi sio pembe moja. Ukiichomeka kwenye Game Boy Advance SP ni shida nyingine, pale katriji inaingia kwa upande wa chini kwahiyo sensa imekaa kinyume na kila ukiinamisha huku anaenda kule.

WarioWare: Twisted! ya Game Boy Advance (2004 Japani, mwaka uliofuata Marekani) wao waliweka jairo, sensa ya kuhisi kugeuka, kwenye katriji pamoja na kimota cha kutetema, na hapo pana kitu kidogo ambacho mi nakiona ni cha akili sana: ukizungusha konsoli kwenye menyu inatetema kidogokidogo kwa kila hatua kama unazungusha kitasa chenye meno. Kuinamisha hewani hakuna ukuta, hakuna mahali mkono unagota ukajua umefika, na wao wakaurudishia mkono ile hisia ya kugota. Na michezo yake ni ya sekunde chache kila mmoja, unazungusha, picha inakupotea kidogo, tayari imeisha. Hawakukupa muda wa kukosa kuona.

Nimetaja akselerometa na jairo, na ni vizuri kuzitofautisha maana ukizielewa utaelewa kwanini gemu fulani inakukorofisha. Akselerometa chukulia kama beseni la maji. Ukiinamisha beseni maji yanakwambia chini ni wapi, sawa. Lakini liweke beseni mezani ulizungushe kama usukani uliolala, maji hayabadiliki, hayajui kwamba umegeuka. Ndo maana sensa hiyo peke yake haiwezi kulenga kushoto na kulia ukiwa umesimama ukigeuka. Jairo yenyewe ndani yake kuna kipande kidogo mno kinachotikisika muda wote, ukigeuza konsoli kile kipande kinasukumwa pembeni na sensa inasoma umegeuka kwa kasi gani. Inajua kasi tu, haijui uko wapi, konsoli ndo inajumlisha kasi hizo kidogokidogo ipate pembe. Na kwenye kujumlisha kila kosa dogo linajumlishwa nalo, kwahiyo baada ya muda katikati yako inahama. Akselerometa inaweza kurekebisha juu na chini kwa sababu inajua ardhi iko wapi, lakini kushoto na kulia hakuna kitu cha kuirekebisha. Ndo sababu gemu za kulenga kwa jairo zina batani ya kurudisha kamera katikati, na ndo sababu watu wanakuta konsoli inageuka yenyewe polepole wakati imelala, hiyo ukiiweka sehemu tambarare iliyotulia kabisa ukaikalibreti mara nyingi inapona.

Na usiilaumu ukiwa ndani ya gari. Niliwahi kucheza gemu ya upinde safarini, nimetulia kabisa mikono haitikisiki, gari likikata kona shabaha yangu inaondoka inaenda ukutani. Nikadhani sensa imekufa. Kumbe jairo ilikuwa inasema kweli, mimi na kiti na gari zima tumegeuka, yenyewe haina namna ya kujua kwamba ni gari na sio mikono yangu. Siku hizi safarini naizima, nikifika naiwasha.

3DS ilikuja na hizo sensa zote mbili ndani yake mwaka 2011, na Ocarina of Time 3D, gemu nyingine ya Zelda, ikakuruhusu kulenga manati na upinde kwa kugeuza konsoli. Lakini konsoli hiyohiyo sifa yake kubwa ilikuwa picha ya 3D bila miwani, na picha hiyo inataka macho yako yakae mbele ya kioo palepale, ukisogea kidogo inagawanyika mbili. Kwahiyo sensa inakwambia geuka, kioo kinakwambia tulia. Mkono na jicho kabisa wamewekwa wagombane. Wengi tulizima 3D tukabaki na jairo, na New 3DS iliyotoka Japani 2014 ndo ikaja na kamera inayofuatilia uso wako ili picha ikufuate.

PS Vita nayo ilikuwa na jibu lake la ajabu, walisema kama kidole kinaziba kioo basi tuweke sehemu ya kugusa nyuma. Kwa wazo ni sahihi kabisa! Kioo kizuri cha inchi 5 mbele, na nyuma sehemu nyingine ya tachi, unagusa bila kuziba kitu. Na kuna gemu moja ilinionyesha maana yake, Tearaway ya 2013, dunia yake ni ya karatasi, ukibonyeza nyuma ya konsoli vidole vinatokea ndani ya gemu vimetoboa karatasi kutoka chini, unawasukuma maadui na vidole vyako mwenyewe. Nilipoona vile mara ya kwanza niligeuza konsoli kuangalia nyuma, mtu mzima mimi.

Shida ni kwamba nyuma ya konsoli ndo mahali vidole vinne vya kila mkono vinapumzikia. Kuna gemu ya mpira niliicheza pale, sehemu ya nyuma ilikuwa ni goli, unagusa kona unayotaka na mchezaji anapiga. Nusu ya mashuti yangu sikuyaamuru mimi, niko katikati ya uwanja napanga pasi, kidole kimesogea kidogo kutafuta nafasi, jamaa amepiga. Na gemu nyingine ya matukio, hiyo ndo ilinikera zaidi, kila ukifika mahali unasugua kioo kusafisha kitu, unateleza kidole kufuata mshale ili upige ngumi, kuna mahali inataka uigeuze kamera ya konsoli kwenye mwanga mkali ili usome karatasi. Mi nilikuwa nacheza usiku taa zimezimwa watu wamelala. Ikabidi niamke nitafute taa. Kazi ile ingefanywa na batani moja kwa nusu sekunde, na hakukuwa na mahali pa kukataa. Tachi iliwekwa kwa sababu ipo, sio kwa sababu gemu iliihitaji, na mchezaji anahisi tofauti hiyo kwenye vidole kabla hajaijua kichwani.

Sasa Switch, 2017. Hapa ndo napata raha ya kuandika.

Kwanza ile tu kwamba Joy-Con, zile pedi zake mbili za pembeni, zinachomoka. Ukisimamisha kioo mezani na pedi ziko mikononi, lile tatizo lote la kioo na pedi kuwa kitu kimoja limeondoka, ukitaka kurusha mikono rusha. Ukizirudisha, limerudi. Na gemu moja inakuonyesha pande zote mbili, Breath of the Wild, Zelda nyingine. Mle kuna mahekalu madogo yenye mafumbo ya kuinamisha, unasogelea kifaa na konsoli yako inakuwa ndo sinia lenye kipira, unakiongoza kipira kwenye njia mpaka kitoke. Ukiwa umeishika mkononi unafika pembe ambayo unaangalia ukingo wa konsoli na sio kioo, unapinda shingo, unasimama, unainama. Katika hekalu moja lenye njia kama ya panya watu waligundua ukipindua sinia lote juu chini mgongo wake ni bapa, unapokelea kipira mgongoni unakipeleka bila kuhangaika na zile kuta. Mi nilifanya hivyo nikiwa nimeishika mkononi, maana yake niliishika konsoli kifudifudi sioni kitu, nikageuza polepole nikitumaini. Kipira kilikuwa bado kipo. Nilipiga kelele.

Lakini gemu hiyohiyo ukivuta upinde, jairo inafanya kazi wakati unalenga tu, na unasogeza digrii chache mno, picha haikutoki hata kidogo. Stiki inakupeleka karibu na adui, mkono unamalizia kichwani. Hapo ndo nilielewa kwamba jairo kwenye konsoli ya mkononi inataka mwendo mdogo. Kipimo changu ni kama unaelekeza sahani ili mtu aone kilichomo, sio kama unamwaga.

Splatoon 2, gemu ya Switch ya kurushiana rangi, ndo shule yenyewe. Jairo inakuja ikiwa imewashwa, na ikiwashwa stiki ya kulia inabaki na kushoto na kulia tu, juu na chini ni mikono yako, na batani ya Y inarudisha kamera katikati. Siku tatu za kwanza ni mateso, nakubali, wengi wanaizima hapo na hawarudi. Usiizime. Stiki itumie kwa kugeuka kukubwa tu, mtu yuko nyuma yako, unataka kuangalia upande mwingine. Ukishageuka iachie, malizia kwa mikono. Viwiko viweke mahali, juu ya mapaja au kwenye mto, ili kinachogeuka kiwe vifundo na sio mabega. Na ile Y ibonyeze bila aibu, kila ukipata nafasi ya kupumua bonyeza. Mi ilinichukua kama wiki, alafu siku moja nikajikuta nampiga rangi mtu anayeruka hewani bila kufikiria, na nikirudi kwenye gemu ya stiki tupu najiona nimevaa glavu nzito.

Watu wa Switch Lite nanyi mnayo, jairo imo ndani ya mwili wa konsoli, ila nyie hamna cha kuchomoa, kwahiyo yale mafumbo ya sinia mtayacheza kwa shingo.

Steam Deck, konsoli ya mkononi ya Valve ya 2022, naona ndo imefika mbali zaidi kwenye kumwachia mchezaji achague, na sababu ni kitu kidogo ambacho hata hakionekani: vichwa vya stiki vinahisi kidole. Ukiweka kidole gumba kwenye stiki jairo inawaka, ukikinyanyua inazima. Kwahiyo ukiishiwa nafasi ya kugeuka unanyanyua kidole, unarudisha mikono mbele, unagusa tena unaendelea, kama mtu anavyonyanyua mausi kuirudisha katikati ya meza. Mimi nimeseti hivyo kwenye kila gemu ya kulenga, na stiki nimeipunguza kasi ya juu na chini. Alafu kuna zile pedi mbili za mraba za kugusa pembeni, hizo ni jibu lilelile la DS kwa njia nyingine, kidole kinateleza mahali ambapo hakizibi kitu, na chini yake panatetema kidogo ili uhisi unasogea. Gemu za kupanga majeshi zenye maandishi madogo nazicheza kwa pedi ya kulia na sijawahi kutamani kugusa kioo chenyewe.

Na Switch 2 ya mwaka 2025 Joy-Con yake ukiilaza kwa ubavu inakuwa mausi, unaisugua mezani au hata kwenye paja. Kioo kimesimama, mkono uko huru, ncha ya kulenga ni sahihi tena kama kalamu. Nimefurahi sana na hilo.

Ila kitu kimoja naomba wanaotengeneza wasikiache. Kuna watu mikono inatetemeka, kuna watu wana mkono mmoja, kuna anayecheza amelala kitandani hospitali hawezi kuinamisha chochote. Kwao jairo isiyozimika ni mlango umefungwa, na upande wa pili kuna watu vidole gumba haviwezi stiki na kuinamisha ndo kumewafungulia mlango. Iwe inawashwa na kuzimwa, kasi ibadilishwe, mkono wa kushoto ukumbukwe. Gemu ikinilazimisha kusugua kioo au kuinamisha sinia iwe na sehemu kwenye setingi ya kufanya hivyohivyo kwa batani, hata kama mimi mwenyewe sitaitumia kamwe.

Wiki iliyopita nilitoa ile DS yangu kwenye droo. Ilikuwa imekufa betri, nikaichaji, ikawaka. Kioo cha chini kilikuwa kimehama, nagusa hapa inaona pale, nikaenda kwenye setingi nikagusa vialama kimoja kimoja kikarudi. Phantom Hourglass ilikuwa bado imo, sevu bado ipo. Nikafungua ramani ya bahari, mwandiko wangu wa mwaka ule, mishale, namba, na katikati ya maji samaki watatu, mmoja ana meno. Nikapiga picha nikamtumia mdogo wangu, sasa hivi ni mtu mzima ana kazi yake. Akajibu hapohapo, "Dada, usifute."